Muulize Bi Mkunga: Mkubwa kasema nitie saini

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa Wete. Wazee wangu walikuja Pemba kutoka Bara kwa ajili ya kazi. Niko stoo katika kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Mwezi uliopita tuliletewa mzigo wa dawa na glovu, tulipohesabu maboksi tukakuta yamepungua. Mkubwa wetu akasema tuandike katika daftari kuwa mzigo umefika kamili, tutie saini, "mengine niachieni mimi". Mwenzangu ni Mwislamu, alikataa palepale. Alisema hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, akarudi kwenye kazi yake. Mimi sikukataa wala sikutia saini. Nilisema naumwa, nikaenda nyumbani. Jioni nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa letu, akanifungulia Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Kwa hiyo dini yangu inanitaka nitie saini? Katika Biblia hakuna mtu aliyemkatalia mkubwa wake akaonekana kafanya jema? Mkubwa kanipa mpaka mwisho wa mwezi. — Msichana wa stoo, Wete

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitie saini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu jarida hili likifika Wete huwa limeshachelewa boti moja au mbili, na sitaki mwisho wa mwezi ukukute bado unasoma hadithi zangu.

Waliokataa wapo, tena wengi, na wa mwanzo kabisa ni wenzangu wa kazi. Fungua Kutoka, sura ya kwanza. Farao kaingiwa na hofu kwamba Waebrania wanazidi kuongezeka. Kawatumikisha kwa udongo na matofali, hawapungui. Ndipo anawaita wakunga wawili, Shifra na Pua, anawaambia: mkiwazalisha wanawake wa Kiebrania, mkiona mtoto ni mwanamume, muueni.

Mbona hakuwaita askari? Mtu asiyewahi kuingia chumba cha kuzalia anaweza asielewe. Mimi nimeifanya kazi hiyo Mkoani, Chake na baadaye Unguja mpaka nikastaafu, na naelewa vizuri. Mtoto akitoka, kuna dakika ambayo yuko mikononi mwa mtu mmoja tu. Mama kachoka, kafumba macho. Jamaa wako nje ya pazia. Kamasi zimemjaa mtoto puani na mdomoni, kitovu bado kinapiga. Yupo anayelia mwenyewe, na yupo ambaye lazima umfute, umgeuze, umsugue mgongo kwa kitambaa ndipo avute pumzi. Mkunga akitaka kumuua huyu hahitaji kisu, ataacha tu kufanya kitu. Kisha atatoka nje aseme poleni, Mungu kampenda zaidi, na watu watazika bila kuuliza. Hicho ndicho alichokitaka Farao, mauaji yatakayoonekana kama ajali ya uzazi, kila nyumba ikidhani ni msiba wake peke yake.

Shifra na Pua hawakufanya. Kitabu hakisemi kuwa walikwenda kwa mfalme kupiga kelele. Kinasema walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai. Wanazuoni wamebishana tangu zamani kama wanawake hawa walikuwa Waebrania au Wamisri waliowazalisha Waebrania. Mimi napendelea wale wanaosema Wamisri, maana hapo ujasiri wao unazidi. Na mwandishi kawaandika wawili wale kwa majina yao, Farao hakumtaja jina hata mara moja.

Walipoitwa wajieleze, walisema wanawake wa Kiebrania si kama wa Kimisri, wana nguvu, huzaa kabla mkunga hajafika. Wahubiri wengi wakifika hapa huanza kukohoa. Wale si walimdanganya mfalme? Kwanza, aliyezalisha hatalikataa neno lao upesi hivyo. Mara ngapi tumeitwa usiku, tukapita mabondeni na kandili, tukafika tukamkuta mtoto keshanyonya na bibi yake anatukaribisha chai! Mama aliyekwisha kuzaa wanne au watano hamsubiri mtu. Lakini tuseme walidanganya. Walimdanganya nani, na nani alipona kwa uongo ule?

Mlinganishe na mzee Eleazari katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 6. Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, na sisi Waanglikana tunakisoma kwa mafundisho. Eleazari alikuwa na miaka 90, mwalimu wa Torati. Katika zama za mfalme Antioko alilazimishwa kula nyama ya nguruwe. Maofisa waliomjua siku nyingi wakamvuta kando: mzee, lete nyama yako mwenyewe, ile ya halali, ujifanye tu unakula hii, upone. Akakataa. Alisema vijana wangedhani kuwa mzee wa miaka 90 kaacha dini, wangepotea kwa sababu yake. Akapigwa mpaka akafa. Basi wakunga waliuficha ukweli ili watoto waishi, na Eleazari alikataa kuuficha kwa kuwa ungemwokoa yeye peke yake na kuwapoteza wengine. Wewe ukiandika kuwa maboksi yamefika kamili, unamsitiri nani? Unamsitiri aliyechukua. Na mimi nakwambia kama mkunga, boksi la glovu lisilofika maana yake ni mikono mitupu ndani ya damu, ya mzazi na ya mzalishaji.

Farao aliposhindwa kwa wakunga alitoa amri ya pili, ya wazi, kwa watu wake wote: kila mtoto wa kiume atupwe mtoni. Mtu wa hesabu atasema basi Shifra na Pua walijisumbua bure. Mimi sioni hivyo. Alilotaka lifanyike gizani alilazimika kulitangaza, na likishatangazwa, kila mtu analijua na kila mtu anatakiwa kuchagua, hata ndani ya nyumba ya mfalme. Binti yake alipokifungua kile kisafina cha manyasi alichofichwa Musa alisema mwenyewe kuwa huyu ni mtoto wa Waebrania. Amri ya baba yake aliijua. Akamchukua.

Sasa nikupe habari ambayo haisomwi sana kanisani, kwa sababu haina mwisho mwema. Iko 1 Samweli 22. Mfalme Sauli kasikia kuwa kuhani Ahimeleki wa Nobu alimpa Daudi mikate na upanga wa Goliathi. Kuhani wa watu hakujua kuwa Daudi anakimbia. Alidhani katumwa na mfalme. Sauli hataki kusikia. Anawaamuru askari waliosimama karibu naye wawaue makuhani. Askari hawanyoshi mikono. Watu hawa ni walinzi wake, wanakula kwake, silaha wanazo, na mbele yao wako makuhani waliovaa nguo zao za kitani. Hawakuhutubia wala hawakujiuzulu. Walisimama tu, mikono chini. Sauli akamgeukia Doegi Mwedomi, na Doegi akawaua watu 85 siku ile, kisha mji mzima ukapigwa, wanawake na watoto wanyonyao, mpaka ng'ombe na punda. Katika wana wa Ahimeleki aliokoka mmoja, Abiathari, na huyo aliokolewa na miguu yake.

Kwa hiyo kukataa kwa wale askari hakukumponya mtu. Nakwambia hili kwa makusudi, kwa sababu najua neno linalokuzunguka kichwani: nikikataa mimi, si atamwita mwengine? Ndiyo, atamwita. Doegi hakosekani katika ofisi yoyote. Lakini Maandiko hayakuwachanganya. Askari wameandikwa kwao na Doegi kaandikwa kwake, na Doegi hawezi kujitetea kuwa mjumbe hauawi. Wanazuoni wa Talmudi, kitabu cha sheria na mapokeo ya Kiyahudi, waliweka kanuni kuwa hapana uwakala katika dhambi: ukitumwa kufanya haramu ukaifanya, umeifanya wewe, maana uliyasikia maneno ya mwalimu na maneno ya mwanafunzi wake, ukachagua ya mwanafunzi. Tena wakamgeukia Abneri, jemadari wa Sauli, wakauliza mbona yeye mwenye sauti mbele ya mfalme hakumpinga. Mmoja wao akamtetea kuwa alipinga, hakusikilizwa. Musa bin Maimun, yule tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, hakuwa mtu wa kuchezea utawala. Kaandika kuwa anayemuasi mfalme anastahili kuuawa. Na mahali palepale kaandika kuwa mfalme akiamuru amri ya Mungu ivunjwe, hasikilizwi.

Barua yako, hata hivyo, inahusu daftari na saini, kwa hiyo mahali pako khasa ni 1 Wafalme 21. Hapo nataka ukae.

Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Naboti, lililopakana na jumba lake Yezreeli. Naboti hakuuza urithi wa baba zake. Kwetu, watu wa mashamba ya mikarafuu, hilo halihitaji maelezo. Ahabu akaenda kulala, kageuza uso, hataki kula. Mkewe Yezebeli hakutuma majambazi. Aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia mhuri wa Ahabu, akazipeleka kwa wazee na wakubwa wa mji: tangazeni saumu, mkalisheni Naboti mbele ya watu, wekeni watu wawili wamshuhudie kuwa kamtukana Mungu na mfalme, kisha mtoeni nje mumpige mawe. Tazama mpango huu ulivyonyooka. Saumu ipo. Kikao kipo. Mashahidi ni wawili, idadi ile ile iliyowekwa na Torati. Adhabu kapewa nje ya mji, kama taratibu inavyotaka. Mkaguzi akija, karatasi zote ziko sawa.

Na wale wazee hawakudanganyika, usiwaonee huruma. Soma aya ya 14 polepole. Barua zilikuja kwa jina la Ahabu, lakini kazi ilipokwisha habari walimpelekea Yezebeli: Naboti kapigwa mawe, kafa. Walijua barua zimetoka kwa nani. Walijua tangu mwanzo. Na katika mji mzima hakuinuka mzee mmoja kuuliza. Hata aliyesema anaumwa hatumsomi.

Hadithi ya mji ule haikuishia hapo. Geuza mpaka 2 Wafalme 10. Ahabu kafa, Yezebeli katupwa kutoka dirishani, na utawala kaushika Yehu. Naye akaandika barua. Akaziandika kwa wakubwa wa Yezreeli na wazee na wale waliokuwa wakiwalea wana 70 wa Ahabu: kama mko upande wangu, nileteeni vichwa vyao kesho saa kama hizi. Wakafanya. Vichwa vilipelekwa vimejazwa vikapuni. Mimi kila nikiisoma habari hii nafikiri kuwa Yezebeli ndiye aliyewazoesha. Aliwafundisha kufanya kama ilivyoandikwa bila ya kupima kilichoandikwa, na somo lile likairudia nyumba yake. Mkubwa wako anayekuzoesha leo kutia saini bila kuhesabu hajui ni karatasi ya nani utakayoletewa kesho. Huenda ikawa inamhusu yeye.

Na Warumi 13? Mzee wako usimvunjie heshima. Maneno aliyokusomea yapo. Ila muombe asome mbele kidogo. Paulo anasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, kisha anataja kodi, ushuru na heshima. Sasa jiulize nani aliyeleta daftari lile katika stoo yako. Ni serikali. Na daftari lenyewe linakuamuru nini? Andika kilichofika. Ukiandika kilichofika, mamlaka umeitii. Anayeiasi ni yule anayekwambia uandike kisichofika, hata kama ana kiti cha kuzunguka. Mzee pengine ataongeza kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, lakini mkuu wa methali ile ni anayekuonya kuwa mbele kuna shimo, si anayekusukuma uingie.

Paulo mwenyewe hakuwa mtu wa "ndiyo mzee". Huko Filipi, Matendo 16, mahakimu walimpiga yeye na mwenzake Sila kwa fimbo hadharani bila hukumu, wakawatia gerezani. Asubuhi wakatuma watu wawafungulie waende zao kimyakimya. Paulo akagoma kutoka! Akasema: wametupiga mbele ya watu, nasi ni raia wa Roma, sasa wanatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Wakaja, wakawabembeleza. Na Petro aliyeandika katika waraka wake wa kwanza kuwa tutii watawala ni yuleyule aliyesimama mbele ya baraza la Yerusalemu akasema, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Mapokeo ya Kanisa yanasema wote wawili waliuawa Roma wakati wa Nero, yaani chini ya mamlaka ile ile waliyofundisha watu waiheshimu.

Kuhusu woga wako. Kuna Obadia, msimamizi wa jumba la Ahabu huyohuyo, 1 Wafalme 18. Yezebeli alipowaua manabii wa Bwana, Obadia aliwaficha 100, hamsini hamsini pangoni, akawalisha mkate na maji, na kazi yake hakuiacha. Halafu Eliya alipomtuma kwa mfalme, Obadia alitetemeka. Katika maneno machache anasema mara tatu kuwa Ahabu atamuua. Simdharau hata kidogo. Mtu mwoga kawalisha watu 100 wakati wa njaa kwa chakula cha jumba lile lile lililokuwa likiwawinda.

Basi fanya hivi. Andika katika daftari idadi mliyohesabu, tarehe, na jina la mwenzako mliyehesabu naye, naye atie saini yake chini ya yako. Weka nakala nyumbani. Mkubwa akikwambia ubadilishe, mjibu kwa adabu: "Niandikie basi, mkubwa wangu, niiweke katika faili." Wengi wakifika hapo husahau walichokuwa wakikitaka. Akiendelea, aliye juu yake yupo, na ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, wapo. Sokoni usilizungumze, ukilizungumza sokoni litageuka kuwa ugomvi wako na yeye, na mzigo utasahauliwa. Kuumwa kwa siku moja nakuelewa, lakini mwezi mzima utaugua nini?

Kwamba hutahamishwa siwezi kukuahidi. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kuwa Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuri, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo", bado hawataisujudia sanamu yake. Walikwisha kulipiga hesabu hilo kabla ya kufungua mdomo, na wewe lipige. Kaa na wazee wako, jueni mtaishije ukipelekwa Micheweni au ukikosa kazi kabisa. Na yule mwenzako mpelekee hata bakuli la futari.

SWALI: Bi Mkunga, mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe. Kila nikiwafikisha Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, hutokea mgeni akaniuliza: kitabu kinachosomwa humu ndani si ndicho kilichowaambia watumwa wawatii mabwana zao? Na aliyemficha mtumwa mtoro, si alivunja sheria na dini pamoja? Mimi ni Mwislamu, sipendi kubahatisha kitabu cha watu. — Mtembeza wageni, Malindi

JIBU: Mgeni wako hakukosea, na usimfiche. Waefeso 6 inawaambia watumwa wawatii mabwana zao, na Torati ina sheria za watumwa kama zilivyokuwa nazo sheria nyingi za zamani.

Lakini mfungulie pia Kumbukumbu la Torati 23, aya ya 15 na 16. Hapo pana amri: mtumwa aliyemkimbia bwana wake akaja kwako, usimrudishe. Akae kwako, mahali atakapopachagua mwenyewe, wala usimdhulumu. Ili uone uzito wake, iweke kando ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizoandikwa karne nyingi kabla ya kitabu hicho: huko anayemficha mtumwa mtoro nyumbani mwake huuawa, na anayemkamata akamrudisha hupewa zawadi ya shekeli mbili za fedha. Torati imegeuza. Aliyemficha ndiye aliyetii, anayemrudisha ndiye muasi.

Aya hizo zimewahi kufanya kazi. Marekani ilipotunga sheria ya watumwa watoro mwaka 1850, anayewasaidia alitozwa mpaka dola 1,000 na kufungwa mpaka miezi sita, na wahubiri waliopinga utumwa wakasimama na Kumbukumbu 23. Wapinzani wao wakasimama na waraka kwa Filemoni, kwa sababu Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake. Kweli alimrudisha. Ila soma alimrudisha na barua gani: mpokee si kama mtumwa tena, mpokee kama ndugu mpendwa, mpokee kama unavyonipokea mimi, na kama unamdai kitu nidai mimi. Mimi binafsi ningependa Paulo angesema moja kwa moja, mwache huru. Hakusema, na siwezi kumwekea maneno kinywani.

Kwa hapa kwetu, wakumbushe wageni tarehe, maana wengi huzichanganya. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko na biashara ya kusafirisha watumwa, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huohuo. Utumwa wenyewe haukufutwa siku hiyo. Mahakama ziliendelea kuutambua mpaka mwaka 1897, na masuria walisubiri mpaka 1909. Kwa hiyo kanisa lilipokwisha kujengwa, mtu aliweza kusali palepale lilipokuwa soko, akatoka nje, akakutana na mtu ambaye kisheria bado ni mali ya mtu. Katika miaka ile swali lako la kumficha mtoro halikuwa la wageni wenye kamera. Na wakienda Pemba, waambie kuwa Banani, karibu na Chake, palikuwa na misheni ya Marafiki, yaani Wakristo waitwao Quaker, waliokuja mwishoni mwa karne ile kufanya kazi na walioachwa huru. Watu wa kanisa hilo huko Marekani walikuwa miongoni mwa wafichaji wakubwa wa watoro. Kiapo cha mahakamani pia hukikataa, kwa sababu Yesu alisema ndiyo yenu iwe ndiyo. Lakini hilo ni la barua nyingine.

SWALI: Shikamoo bibi. Katika habari za watu waliosimama mbele ya wakubwa, yupo Mwafrika hata mmoja? — Mwanafunzi wa skuli, Machomane

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Yupo, Ebedmeleki Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini ya Misri, upande wa Sudan ya leo. Alikuwa mtumishi katika jumba la mfalme Sedekia huko Yerusalemu. Wakubwa walimtupa nabii Yeremia katika shimo la maji lililokauka, likabaki tope, naye akazama katika tope lile. Mfalme alikuwa ameshawaambia: yuko mikononi mwenu, mimi siwezi kuwazuia. Mfalme gani huyo! Ebedmeleki, mgeni asiye na ukoo pale, alimfuata amekaa kwenye Lango la Benyamini, mbele za watu, akamwambia kuwa watu hawa wamefanya vibaya na nabii atakufa kwa njaa.

Sedekia akageuka, akampa watu 30 wakamtoe. Na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Kabla ya kwenda shimoni alipita chini ya chumba cha hazina akaokota matambara na nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia pamoja na kamba, akamwambia ayaweke kwapani, chini ya kamba. Mtu aliyekonda, ukimvuta kwa kamba tupu kutoka kwenye tope, unamchuna ngozi mpaka mfupani. Wauguzi wapya nilikuwa nikiwasomea aya hiyo.

Yeremia alibaki katika ukumbi wa walinzi mpaka Wababeli walipouteka mji. Ebedmeleki alipewa ahadi kuwa siku ile hataanguka kwa upanga. Utaisoma katika Yeremia sura ya 38, na ahadi yake iko sura ya 39, aya ya 15 mpaka ya 18. Mwalimu wako akibisha, mtajie aya.